Mbwa wa Mwenye Nyumba Kamng'ata Mwanangu, na Kila Mtu Ananiambia Ninyamaze

Shikamoo Bibi,

Naandika usiku, wenzangu wamelala. Sisi ni wapangaji hapa Kihonda, Morogoro. Tuna vyumba viwili, na uani tunachangia na familia nyingine tatu pamoja na mwenye nyumba mwenyewe. Mzee huyo ana mbwa wawili, wa kienyeji, wanafungwa mchana na kufunguliwa usiku.

Jumatatu jioni mwanangu wa kwanza, ana miaka sita, alikuwa anakwenda msalani. Mbwa mmoja, yule mwekundu, hakuwa amefungwa. Hakubweka wala nini. Alimrukia mtoto akamng'ata nyuma ya mguu, kwenye shavu la mguu. Mimi nilikuwa naosha vyombo, nikatupa kila kitu nikaenda kumtoa kwa mikono yangu. Mbwa akaachia, akakimbilia nyuma ya choo.

Jeraha lenyewe si kubwa. Ni matundu manne, mawili yalitoa damu, mengine ni kama mikwaruzo. Mama mkwe, tunaishi naye, alikuja mbio, akachana kanga yake akamfunga mtoto chini ya goti ili sumu isipande. Kisha akaponda kitunguu swaumu, pilipili na chumvi, akapaka pale pale, na mafuta ya taa kidogo juu yake. Mtoto alilia mpaka sauti ikakauka. Nikasema tumwoshe kwa sabuni twende hospitali, mama akanijibu kwamba wao wamelelewa hivyo hivyo na wako hai.

Mume wangu aliporudi kazini akamulika kwa simu, akasema hicho ni kidonda cha kupona chenyewe. Anasema sindano za mbwa ni kumi na nne, zinachomwa tumboni, mtoto hataziweza. Halafu kuna jirani aliwahi kutozwa elfu thelathini kwa sindano moja, na sisi kodi ya miezi mitatu inatakiwa mwisho wa mwezi huu.

Mwenye nyumba ni mtu mzima, tunamheshimu, na kwa kodi ametuvumilia mara nyingi. Alikuja kutupa pole. Akasema mbwa wake ni mzima, anakula, anakunywa, na alichanjwa mwaka juzi. Lakini tangu juzi yule mbwa simwoni. Nilipomwuliza kijana wake, akaniambia wamempeleka shamba, Mvomero, "ili maneno yaishe". Nilitaka kwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, mume wangu amekataa katakata. Anasema tutatolewa kwenye nyumba kwa ajili ya kidonda kisichozidi ukucha.

Leo ni Ijumaa. Mtoto anakula, anacheza, shule anakwenda. Kidonda kimefanya ukoko ila pembeni pamekuwa pekundu, na akiguswa anaruka. Je, nimechelewa? Au kweli najipa presha bure? Nina mimba ya miezi sita na kliniki wameniambia nisiwe na mawazo mengi. Na mimi yule mbwa alinikwaruza kidogo mkononi wakati namtoa mtoto, ilitoka damu kidogo, lakini hiyo si kitu, imeshakauka. Sijamwambia mtu, navaa mikono mirefu.

Nisaidie, Bibi.

Mama wa Kihonda

*

Marahaba, mwanangu.

Barua za safu hii huwa nazijibu kwa zamu, na kuna watu wako kwenye foleni tangu mwezi uliopita. Yako nimeipitisha mbele yao, watanisamehe. Jibu lenyewe ni fupi: hujachelewa, na kesho asubuhi mnakwenda hospitali. Kesho ni Jumamosi, kwa hiyo usihangaike na zahanati ambazo huenda zimefunga au hazina chanjo ya kichaa cha mbwa. Nendeni moja kwa moja hospitali ya mkoa, mlango wa dharura. Mengine yote nitakayoandika ni ya kukusaidia ufike huko, maana nimeisoma barua yako mara mbili na nimeona kinachokuzuia si umbali wala nauli. Ni watu wa nyumbani.

Tuanze na hilo linalowapumbaza wote: "Mbona anacheza?"

Kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa virusi vinavyokaa kwenye mate ya mnyama. Jino likishatoboa, mate yanabaki ndani ya nyama. Virusi havikimbilii kwenye damu kama sumu ya nyoka. Vinatafuta mshipa wa fahamu, vikiupata vinaupanda pole pole, kutoka mguuni kwenda uti wa mgongo, na kutoka hapo kwenda kwenye ubongo. Safari hiyo mara nyingi huchukua mwezi mmoja hadi mitatu. Inaweza kuwa wiki moja tu, na kuna waliokaa zaidi ya mwaka. Muda wote huo mgonjwa hana homa, hana kikohozi, anakula ugali wake na kwenda shule. Kwa hiyo mtoto kucheza siku ya nne hakutuambii chochote. Ndivyo anavyotakiwa kuwa, awe ameambukizwa au hakuambukizwa.

Habari njema iko kwenye uzembe huo huo wa virusi. Wakati vinapanda ngazi, chanjo inaufundisha mwili kuvizuia njiani. Ndiyo maana chanjo hii, tofauti na nyingi unazozijua, huchomwa baada ya mtu kung'atwa na bado inafanya kazi. Siku ya kwanza ni bora kuliko ya nne, na ya nne ni bora kuliko ya kumi. Lakini hata ungeniandikia baada ya wiki sita ningekwambia nenda. Mlango unafungwa siku dalili zinapoanza, na ukishafungwa hakuna dawa ya kuufungua, si Muhimbili wala Ulaya.

Nilifanya kazi ya unesi miaka thelathini na mmoja, na wagonjwa wa aina hiyo niliwaona wanne. Nitakusimulia mmoja tu, na hii sehemu msomee mumeo. Alikuwa fundi baiskeli, mwanamume mwenye nguvu zake, aliingia wodini akitembea mwenyewe na kutusalimia vizuri. Alisema ana kiu tangu jana. Nikampa maji kwenye kikombe cha bati. Alikishika, akakiinua, na kabla maji hayajagusa mdomo shingo yake ikakakamaa, kifua kikaruka, kikombe kikaenda ukutani. Akaniomba radhi. Akajaribu tena kwa sababu kiu ilikuwa ya kweli, ikawa vile vile. Baadaye hata feni ya juu ikimpulizia alikuwa anakabwa. Mkewe alifikiri sana ndipo akakumbuka: miezi miwili nyuma, msibani, kuna kibwa kidogo kilimparura kidole. Kidonda kilikuwa kimepona hata alama haionekani. Siku ya tatu tulimzika. Kidole kile, mwanangu, jeraha lake lilikuwa dogo kuliko la mwanao.

Basi hoja ya "hakizidi ukucha" tuiache hapo. Kinachopimwa ni kama ngozi imetoboka na mate yameingia. Ukubwa wa tundu ni jambo la fundi cherehani.

Sasa mzee mwenye nyumba. Anaposema mbwa wake ni mzima naamini hasemi uongo, anasema alichokiona. Tatizo ni kwamba mate ya mbwa huwa na virusi siku chache kabla mbwa mwenyewe hajaanza kuonekana mgonjwa. Anaweza kung'ata Jumatatu akiwa anakula vizuri, na Alhamisi inayofuata akawa anadondosha udenda, anakimbia ovyo, au amelala kwenye kona hataki mwanga. Ndiyo maana wataalamu hutaka mbwa aliyemng'ata mtu afungwe mahali salama, alishwe, anyweshwe, na kuangaliwa kwa siku kumi. Akimaliza siku kumi akiwa mzima, basi siku ile ya kung'ata hakuwa na virusi kwenye mate, na daktari anaweza kuwasimamishia sindano zilizobaki. Akifa au akibadilika kabla ya hapo, mnaendelea mpaka mwisho, na mzoga wake asiuguse mtu kwa mikono mitupu. Aitwe mtu wa mifugo, kwa sababu ubongo wa mbwa ndio unaopimwa maabara.

Lakini sikiliza hapa vizuri, maana watu wengi hupinda: hatusubiri siku kumi ziishe ndipo tuanze chanjo. Vinakwenda pamoja. Mtoto anaanza kesho, na mbwa anaangaliwa huko aliko. Kwa hesabu yangu siku zake kumi zinaishia Alhamisi ya wiki ijayo. Na chanjo ya mwaka juzi, kama kweli ipo, ina karatasi. Mbwa aliyechanjwa hupewa cheti. Hata cheti kikipatikana, chanjo ya mbwa inatakiwa kurudiwa, kwa hiyo kipelekeni hospitali wakione wao. Kisiwe sababu ya kubaki nyumbani.

Nije kwa mama mkwe, na hapa nakuomba usikunje uso. Huyo bibi alikimbia, akachana kanga yake mwenyewe kwa ajili ya mjukuu. Moyo wake uko mahali pake, mikono tu ndiyo ilikosea. Kule kufunga chini ya goti kunatoka kwenye mambo ya nyoka, na hata kwa nyoka hatukutaki tena, kwa sababu kunakata damu na mtu anaweza kupoteza mguu. Kwa mbwa ndiyo haina maana kabisa, kwani hakuna sumu inayopanda kwenye damu. Pilipili, chumvi, kitunguu swaumu, mafuta ya taa, majivu, magadi, unga wa zile kapsuli za rangi mbili, vyote hivi vinachoma nyama na kuvisukuma virusi ndani zaidi. Na jingine ambalo hukuliandika ila nalijua: akitokea mtu wa kutaka kumchanja mtoto chale pembeni ya kidonda, mkatalie kwa heshima zote. Chale ni milango mipya.

Dawa ya kwanza ilikuwa pale pale kwenye karai lako la vyombo. Sabuni. Virusi hivi vimevaa ganda la mafuta, na sabuni inalivunja ganda hilo kama inavyokata mafuta kwenye sufuria ya pilau. Ndiyo maana ulipotaka kumwosha ulikuwa sahihi kuliko wote uani. Namna yenyewe, kwa wanaosoma ambao bado hawajafikwa: kaa na mtoto bombani, au mtu mmoja amimine kwa kopo kutoka kwenye ndoo, mwingine apake sabuni, ya mche au ya unga au yoyote iliyopo, na maji yapite yakimwagika chini. Dakika kumi na tano. Weka saa ya simu, kwa sababu dakika kumi na tano za mtoto anayelia ni ndefu mno, na kila mtu huacha kwenye ya tatu. Tundu la jino ni jembamba na refu, kwa hiyo maji yaingie mle, si kupangusa juu juu. Ukimaliza, kama kuna spiriti au ile iodini ya kahawia, paka. Funika kwa kitambaa safi bila kukaza, kisha safari.

Damu ikiwa inaruka, hapo unabonyeza kwanza kwa kitambaa safi hadi ipungue, mengine yafuate.

Na kushona? Mimi nilijifunza kwa aibu. Nikiwa mpya kazini nililetewa kijana aliyeng'atwa mkononi, nikamshona vizuri kabisa, nyuzi sita zimelala mstari kama pindo la shuka, nikajisifu. Baada ya siku mbili mkono ulikuwa umevimba kama mkate na usaha umejaa chini ya ule uzuri wangu. Jeraha la meno huachwa wazi kwanza. Likiwa usoni au limepasuka sana, daktari ataamua, na kama kuna sindano ya kingamwili, yaani kinga iliyo tayari ya kupambana na virusi wakati chanjo bado inaufundisha mwili, huichoma kidondani kwanza ndipo afikirie uzi. Kwa hiyo mkifika hospitali wasiposhona, mumeo asiseme wamewapuuza.

Kwa mwanao sasa hivi, usiku huu: mtoe huo uchafu wa pilipili uliobaki. Maji ya uvuguvugu, sabuni, taratibu, ukoko uloe wenyewe usiukwangue. Siku ya nne bado inafaa kuosha. Wekundu ule wa pembeni na maumivu akiguswa ni jambo la pili, tofauti na kichaa: mdomo wa mbwa una bakteria, na kidonda huenda kimeanza kuota usaha. Mshike kwenye kinena, uone kama kuna mtoki. Mguse mwili kama una joto. Wekundu ukipanda juu kwa mstari au homa ikianza usiku, usingoje asubuhi. Wao ndio watakaoamua kama anahitaji antibayotiki, na ipi. Usimnunulie duka la dawa kwa kukisia.

Mkifika, haya ndiyo yatakayofanyika, ili mtoto na baba yake wasiogope. Hakuna sindano za tumboni. Zilikuwepo zamani, kumi na nne na zaidi, za chanjo iliyotengenezwa kwa ubongo wa wanyama, na mumeo amesimuliwa na wazee wake. Ya sasa huchomwa begani, na kwa mtoto mdogo sana pajani. Takoni hapana. Ukiona mtu anamgeuza mtoto kwa chanjo hii, muulize kwa upole. Siku ya kwanza kuchomwa wao huiita siku sifuri, halafu siku ya 3, ya 7, na kutegemea utaratibu wa hospitali, nyingine ya 14 au 28. Kuna utaratibu wa kuchoma kidogo kidogo ndani ya ngozi, sehemu mbili kwa mara moja, siku ya 0, 3 na 7. Ule unatumia dawa kidogo sana, kichupa kimoja kinagawanywa kwa wagonjwa kadhaa, na kwa hiyo gharama hupungua. Uliza kama wanao. Kwenda na wagonjwa zaidi ya mmoja siku moja husaidia hapo.

Wataangalia pia kama mtoto anahitaji ile ya kingamwili, inayodungwa ndani na kuzunguka jeraha lenyewe. Hiyo ni kwa majeraha yaliyotoboa ngozi na kutoa damu, kama la mwanao. Ni ghali na haipatikani kila mahali. Ikiwepo, nzuri, na inaweza kutolewa hadi siku ya saba tangu chanjo ya kwanza. Isipokuwepo, msirudi nyumbani mkasema "hakuna dawa". Kuosha vizuri na chanjo kamili kunaokoa watu wengi mno. Mwisho ni chanjo ya pepopunda: beba kadi ya kliniki ya mtoto, na yako, wazione.

Tarehe za kurudi ziandike mahali zinapoonekana, hata kwa mkaa ukutani juu ya jiko. Wengi huchoma mbili, kidonda kikapona, wakaacha. Ikitokea mmepitwa na siku, nendeni siku inayofuata mkaendelee pale mlipoishia. Hakuna kuanza upya na hakuna kukata tamaa.

Fedha. Elfu thelathini mara nne si mchezo, najua, na kodi iko mlangoni. Kesho unahitaji ya sindano ya kwanza tu. Kama uko kwenye kikoba, mfuko wa jamii upo kwa ajili ya siku kama hii. Kama mna kadi ya bima, ulizeni kabla ya kulipa. Kisha kuna mwenye mbwa. Kwa desturi za mitaa yetu, mbwa wa mtu akimng'ata mtoto wa mtu, mwenye mbwa husimama na matibabu, na wazee wengi husimama bila kusukumwa ikiwa hawakuaibishwa kwanza. Ndiyo maana nisingependa uanze kwa mwenyekiti. Mwanzie mwenyewe, asubuhi, kabla ya chai, ukiwa na mumeo. Mumeo aseme, ndiye mwenye kodi:

"Shikamoo mzee. Pole yako tuliipokea. Leo tunampeleka mtoto hospitali, na huko watatuuliza mbwa yuko wapi na ana hali gani. Tunakuomba huko Mvomero afungwe peke yake, asiuawe, na mtu amwangalie mpaka Alhamisi atuambie. Akiwa mzima, sindano zinapungua na gharama inapungua kwa wote. Na kama kuna cheti chake, tunaomba tukibebe."

Umeona, hakuna aliyeshtakiwa. Umempa njia ya kumtetea mbwa wake, na ndicho anachotaka. Suala la nani alipe litatoka kinywani mwake au litatoka siku ya tatu mkimwonyesha risiti. Akikasirika, akikataa kusema mbwa aliko, hapo sasa mnakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa na afisa mifugo wa kata, na hamtakuwa mmemchongea. Huko shamba kuna watoto pia. Kuna mtu anamlisha yule mbwa sasa hivi bila kujua kwa nini kaletwa.

Hili la kuhamisha mbwa linanikera, niseme ukweli. Ndivyo kichaa kinavyosafiri. Pemba waliutokomeza ugonjwa huu mwaka 2014 kwa kuchanja mbwa kisiwa kizima, miaka miwili baadaye ukaingia tena, wakapigana nao upya hadi 2018. Bahari yenyewe haikutosha kuuzuia. Ukichanja mbwa saba katika kila kumi, mwaka hadi mwaka, ugonjwa unakosa pa kwenda. Yule mwekundu akirudi salama, na mwenzake aliyebaki uani, wachanjwe wote. Mko Morogoro, mji wenye chuo cha Sokoine kinachofundisha madaktari wa mifugo, hamwezi kusema hamkupata wa kumwuliza. Kampeni za chanjo za mbwa pia hufanyika sana karibu na tarehe 28 Septemba, siku ya ugonjwa huu duniani.

Wasomaji wataniuliza kuhusu paka, nyani, mbweha, popo. Jibu ni lile lile, sabuni na hospitali. Paka msimdharau, jino lake ni kama sindano, linapeleka uchafu chini kabisa na tundu linafunga juu. Panya wa nyumbani ni nadra sana kuleta kichaa, ila kidonda chake kioshwe na pepopunda iangaliwe. Nyoka ni barua yake siku nyingine. Kwa leo: mgonjwa atulie, kiungo kisichezeshwe, pete na bangili zivuliwe, hakuna kukata wala kunyonya, na gari litafutwe.

Mama mkwe nimemfikiria sana. Mpe kazi. Kesho mwombe yeye ndiye ambebe mjukuu kwenye bodaboda au daladala, akae naye kwenye benchi, amshike mkono wakati wa sindano. Nesi atamweleza habari ya sabuni mbele ya watu wengine, na neno la mwenye sare huingia pale ambapo la mkwe haliingii. Akirudi uani atawafundisha wenzake yeye mwenyewe, utakuja kuniambia.

Sasa mkono wako. Nimeuacha mwisho makusudi, kwa sababu na wewe uliuweka mwisho, kwenye mstari mmoja, ukaufunika kwa mikono mirefu. Mkwaruzo uliotoa damu, kutoka kwa mbwa yule yule, dakika ile ile. Mbwa hulamba makucha yake, na pale mlipokuwa mnavutana sidhani ulikuwa unaangalia kama ni kucha au ni jino. Chanjo hii virusi vyake vimeshauawa, haiwezi kukuletea ugonjwa. Hutolewa kwa wajawazito na wanaonyonyesha, na mimba ya miezi sita si kizuizi hata kidogo. Mtoto aliye tumboni hana kinga nyingine zaidi ya wewe kuwa hai. Mkono huo uoshe usiku huu kama wa mwanao, sabuni na dakika kumi na tano, hata kama umekauka. Kesho vaa gauni la mikono mifupi.

Na mkifika dirishani, karani akiuliza mgonjwa ni nani, usimsukume mtoto mbele ukanyamaza. Sema: "Tumekuja wawili."